Aibu ya Nyumba ya Udongo ni ya Nani?

Msomaji, wako watu wanaovuka kivuko cha Likoni, au wanaopita daraja la Nyali kwenda Kisauni, au wanaopita Makupa kwenda Changamwe, wakazitazama nyumba za udongo zilizoezekwa makuti au mabati yaliyoshika kutu, kisha wakatoa hukumu papo kwa papo. Husema kuwa wakazi wa ng'ambo hizo tatu za Mombasa ni wavivu, kwamba wameridhika na unyonge, kwamba dunia imekwenda mbele na wao wamebaki walipokuwa babu zao. Hukumu hii husemwa katika magari na katika ofisi. La kusikitisha zaidi, husemwa madarasani na walimu ambao baadhi yao walizaliwa katika nyumba hizo hizo. Nakusudia kuipinga. Nyumba ni shahidi wa watu wakaao ndani yake, hilo nalikubali. Lakini shahidi huulizwa maswali kabla ya kuaminiwa, na nyumba ya udongo ya Likoni haijaulizwa hata swali moja.

Tuanze na jengo lenyewe, maana wengi wanaolidharau hawajapata kuona likijengwa. Fundi husimamisha nguzo za mikoko ardhini, akazifunga fito nje na ndani, akajaza kati yake mawe madogo na udongo uliokandwa vizuri. Ukuta ukikauka husiribwa, na mwenye uwezo huupaka chokaa ukang'aa kama wa jiwe. Juu hupandishwa kenchi na mapao, kisha makuti hupangwa kuanzia ukingoni kwenda kileleni, ili kila safu ifunike kichwa cha safu iliyo chini yake na maji ya mvua yasipate pa kuingia. Mbele ya nyumba kuna baraza. Mlango hufungua ukumbi mrefu upitao katikati hadi uani, na vyumba hukaa kulia na kushoto, aghalabu vitatu huku na vitatu kule. Uani kuna jiko, choo, mahali pa kufulia, na kivuli cha mti kama nafasi yaruhusu.

Mpango huu haukutokea kwa bahati. Baraza humwezesha mwenye nyumba kumkaribisha mtu asiyemjua bila ya kumwingiza faraghani mwake na bila ya kumfukuza mlangoni. Kwa hiyo mitaa yenye mabaraza huwa na mazungumzo, na mahali penye mazungumzo kijana hawezi kufanya uovu mchana bila ya mzee fulani kumwita kwa jina la baba yake. Ukumbi huvuta upepo kutoka mbele hadi nyuma. Ua huwapa wanawake mahali pa kazi na pa faragha ambapo jicho la njiani halifiki. Na vyumba sita, msomaji, ni uchumi mzima. Mwenye nyumba hulala katika viwili, akapangisha vinne kwa mchukuzi wa bandarini, mshonaji, dereva, na mwalimu aliyeletwa kutoka mbali. Wajane wangapi wamesomesha watoto kwa kodi ya vyumba hivyo! Mtu aliyetoka Machakos, au Kisumu, au Taveta, akapanga chumba Kisauni, alikuta jirani kwenye ukumbi mmoja, jiko kwenye ua mmoja, na maneno ya kuombana chumvi. Watoto wake walikijua Kiswahili uani kabla ya kukijua kitabuni. Hapo ndipo unapoona kuwa jengo halionyeshi tu jinsi watu walivyo, bali huwafanya wawe namna fulani.

Sasa lile neno la kubaki nyuma. Atakayelitamka na aende Mtwapa, kaskazini ya Kisauni, akayatazame magofu ya Jumba la Mtwana, mji uliokaliwa katika karne ya 14. Au afike Gede, au arudi kisiwani akatembee Mji wa Kale. Ataona kuta za mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa papa hapa pwani, misikiti yenye vibla vya kuchongwa, vyoo na visima vilivyopangwa kwa akili. Watu wa mwambao huu walijua kujenga kwa jiwe mamia ya miaka kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Walijua pia mipaka ya vifaa vyao. Chumba cha nyumba ya mawe ya kale ni kirefu lakini chembamba, upana wake kama hatua tatu hivi. Wageni hushangaa, wakadhani ni mapenzi ya giza. Sababu ni boriti. Dari hubebwa na mti wa mkoko, na mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu za kubeba haupatikani kwa urefu zaidi ya huo. Mti uliohesabiwa kwa korija ufuoni ndio uliopanga upana wa chumba. Upana wa chumba ukapanga jinsi ya kuweka vitanda, jinsi ya kuketisha wageni katika harusi, na hata jinsi ya kuosha maiti. Chombo cha kazi humwamrisha fundi, na nyumba ikisha simama huwaamrisha waliomo.

Basi kama ujuzi wa jiwe ulikuwapo, na matumbawe yamo chini ya miguu yetu Likoni na Kisauni kote, kwa nini ng'ambo imejengwa kwa udongo? Hili ndilo swali ambalo halikuulizwa. Jibu lake halimo katika tabia ya watu. Limo katika daftari la ardhi.

Ukanda wa pwani, upana wa maili kumi, ulikuwa chini ya Sultani wa Unguja, na kwa mkataba wa 1895 Waingereza wakautawala kwa jina lake. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi ya pwani. Aliyedai kuwa na shamba alitakiwa alete madai yake mbele ya msajili na kuyathibitisha. Waliojua njia za serikali, wenye karatasi na mashahidi, waliandikiwa ardhi kuwa mali yao. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji la Kiingereza. Watu ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo au ya kaya, isiyo na mwenyewe mmoja wa kwenda kusimama mbele ya karani, waliamka asubuhi wakiwa wageni mahali walipozikwa babu zao. Wamijikenda wengi walikuwa katika hali hiyo, na kadhalika Waswahili wengi wasio na mali na wazao wa watumwa waliokombolewa. Sitafuti kabila la kulaumu hapa. Nalaumu sheria iliyomhesabu mwenye karatasi na kumsahau mwenye jembe.

Kutokana na sheria hiyo ilizaliwa ajabu moja ambayo watu wa Mombasa wameizoea mpaka hawaioni tena kuwa ni ajabu, nayo ni nyumba isiyo na ardhi. Mtu hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye shamba, akapewa ruhusa ya kujenga, na nyumba ikawa yake huku ardhi ikiwa ya mwingine. Anaweza kuiuza, kuirithisha au kuipangisha, lakini kwa neno la mwenye ardhi anaweza kutakiwa aiondoe. Mila ya pwani ilikuwa na msingi wa jambo hili tangu zamani, kwa kuwa kwetu mnazi unaweza kuwa wangu na mchanga uliouotesha ukawa wako, na hakuna aliyeona kichekesho. Lakini mila hiyo ilikuwa na wazee wa kuamua na aibu ya kuzuia dhuluma. Sheria ya Kiingereza iliyokuja juu yake hushika kanuni ngumu, kwamba kilichoshikamana na ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Mpangaji wa kiwanja akabaki kati ya sheria mbili, akikingwa na moja kwa maneno na kutishwa na nyingine kwa maandishi.

Mwenye shamba alikuwa na sababu yake ya kukataza jiwe. Nyumba ya mawe ni dai. Mtu akijenga msingi wa saruji katika shamba lako, kesho mtoto wake atasema hapa ni kwetu. Kwa hiyo masharti yakawa ni vifaa vya muda tu: nguzo, fito, udongo, makuti, au mabati. Wakuu wa mji nao waliukubali mtindo huo, wakapanga vijiji vya viwanja vya kukodi vyenye nyumba zisizo na ghorofa na zisizo za kudumu. Tazama basi kejeli iliyopo. Mtu amekatazwa kujenga nyumba ya kudumu kwa miaka hamsini, halafu anachekwa kwa miaka hamsini kwa kukaa katika nyumba isiyodumu.

Ingia ndani ya nyumba hizo, ukikaribishwa. Utakuta kabati la mbao nzuri, vitanda imara, televisheni, na vyeti vya shule vilivyotiwa katika fremu ukutani. Ukuta ni udongo, vilivyomo ni mali. Mwenye kudhani kuwa huyu hana akili ya maendeleo hajaelewa hesabu iliyo mbele ya macho yake. Mtu huyu huweka fedha yake katika kile kinachoweza kubebwa. Kitanda hubebeka, cheti hubebeka, elimu ya mtoto hubebeka. Ukuta wa saruji haubebeki, na siku ya tingatinga hauna fidia. Mfanyabiashara hodari angewekewa masharti kama hayo angefanya vivyo hivyo, naye angesifiwa kwa busara.

Kama wahitaji ushahidi kwamba ni ardhi na si tabia, upo katika ng'ambo zizo hizo. Katika mradi mkubwa wa nyumba ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vilipimwa Mikindani, na kijiji cha Chaani kikatengenezwa njia na maji na wakazi wake wakahakikishiwa makazi. Watu wa aina ile ile, wenye kazi zile zile bandarini na viwandani, walianza kupandisha tofali juu ya tofali. Kule Likoni, shamba la Waitiki lenye zaidi ya ekari 900, lililokaliwa na maelfu ya watu baada ya machafuko ya 1997, lilinunuliwa na serikali, na Januari 2016 hati zikaanza kutolewa. Mtu mwenye hati hujenga tofauti na mtu mwenye risiti ya kodi ya kiwanja. Hakuna haja ya kumhubiria.

Changamwe ina kisa chake, na ni kisa cha chumba. Wakati wa ukoloni, mfanyakazi Mwafrika wa Mombasa alihesabiwa kuwa mtu asiye na mke wala mtoto mjini. Mshahara wake ulikatwa kwa kipimo hicho, na chumba alichojengewa na mwajiri, pale alipojengewa, kilikatwa kwa kipimo hicho hicho: kitanda, mlango, safu ya milango mingine, bomba moja la wote. Ukuta ule ulikuwa ukisema kwamba wewe u mpita njia, kwenu ni mbali, ukizeeka utaondoka. Haikuwa ajabu kwamba katika mgomo wa 1939 malalamiko ya makazi na kodi ya vyumba yalikuwa mbele. Wala haikuwa ajabu kwamba Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka zana chini na kuusimamisha mji. Serikali ilianza kukiri katika miaka ya 1950 kwamba mshahara hauna budi kumtosha mtu na jamaa yake. Lakini chumba kilibaki. Tembea leo nyuma ya barabara kuu ya Changamwe, ukatazame majumba mapya ya kupangisha. Saruji ni mpya, rangi ni mpya, ghorofa ni nne au tano. Mpango ni ule ule wa mkoloni: ujia wenye giza, milango imekabiliana, chumba kimoja kimoja, na sasa humo wamo baba, mama na watoto wanne. Nasema wazi kuwa mwenye jengo la namna hiyo hastahili kuitwa mleta maendeleo kwa sababu tu amenunua saruji nyingi. Nyumba ya udongo ya vyumba sita ilimpa mpangaji baraza, ua na upepo. Yeye ameviondoa vyote vitatu, na kodi ameipandisha.

Ndipo nifike kwa kundi la pili ninalogombana nalo, yaani waliopata ardhi na fedha, wakajenga kwa kuiga. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na tangu hapo tofali la saruji limekuwa karibu na mkono wa kila mjenzi wa Kisauni. Sina ugomvi na saruji. Nina ugomvi na mtu anayejenga mahali palipo nyuzi nne kusini ya Ikweta kana kwamba yuko London. Mwezi wa Machi jua hupita karibu utosini, na kaskazi limeishiwa nguvu. Asubuhi jua hupiga ukuta wa mashariki, jioni hupiga ukuta wa magharibi. Fundi wa zamani alijua hili, akaupanua ukingo wa paa ukatia kuta kivuli, akaacha upenyo kati ya ukuta na paa ili hewa ya moto itoke. Mjenzi wa leo hukata ukingo wa paa hadi ukutani, akaweka bati lisilo na dari, akaweka kioo kipana upande wa magharibi, kisha akanunua mashine ya kupoza hewa na kulalamikia bei ya umeme. Kuuzunguka ujinga huu hujenga ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu, na baraza hana. Mtaa wenye kuta hizo pande mbili ni mfereji wa kupitia watu. Hakuna anayekaa, hakuna anayeona, na mwizi hujificha vizuri zaidi mahali pasipo na macho.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa makuti hushika moto, na moto wa nyumba moja ukipepewa na kusi huteketeza mtaa mzima. Ni kweli, na wanaolia ni maskini. Nitaambiwa udongo huyeyuka katika mvua za Mei, makuti hudai kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na mikoko ikikatwa bila mpango pwani italiwa na bahari. Yote ni kweli. Simwombei mtu yeyote akae milele chini ya makuti ili watalii wapige picha. Katika hoteli za ufuoni makuti huitwa uzuri, na hulipiwa ghali. Nyuma ya hoteli hiyo hiyo huitwa uchafu. Watu wa hoteli wana hati za ardhi, na nadhani msomaji ameshaona tofauti ilipo.

Tena kupenda vifaa vya asili peke yake si dawa. Mjenzi maarufu wa Misri, Hassan Fathy, alianza katika miaka ya 1940 kujenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor, kwa matofali ya udongo, chenye kuba, nyua na msikiti wa kupendeza. Wataalamu wa dunia wamekisifu hadi leo. Wanakijiji waliotakiwa kuhamia walikataa, kwa sababu mahali pao pa zamani ndipo palipokuwa na riziki yao, na hakuna aliyewauliza kwanza. Udongo mzuri bila idhini ya watu ulishindwa kama inavyoshindwa saruji mbaya.

Ninalotaka kwa ng'ambo za Mombasa linaweza kusemwa kwa ufupi. Kwanza hati, kwa mwenye nyumba aliyelipa kodi ya kiwanja miaka na miaka, na fidia ya haki kwa mwenye shamba, maana naye ana karatasi ya serikali mkononi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inamhakikishia kila mtu makazi ya kufaa; makazi hayafai ikiwa yaweza kuondolewa kwa barua moja. Kisha kanuni za ujenzi zinazojua hali ya Pwani. Zile za 1968, zilizofuata mfano wa Uingereza, ziliendesha kazi kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kanuni mpya za 2024. Wakaguzi wa kaunti wasiishie kupima unene wa zege na kusahau kupima upepo. Waulize kila mwenye ghorofa ya kupangisha: mtoto atacheza wapi, mzee ataketi wapi, moshi wa jiko utatokea wapi? Na wewe msomaji utakayeingia chuo kusomea usanifu wa majengo, kabla ya kuyaiga majengo ya Dubai, lala usiku mmoja wa Machi katika nyumba ya bati ya Mtongwe, na usiku wa pili katika nyumba ya zamani yenye ukumbi na ua, ukiwa na kipimajoto na daftari.

Wakuu hujibu kwamba kazi ya kupima mashamba ya Kisauni na Likoni na kuwatafuta wenyewe, wengine waliokufa na wengine walioko ng'ambo ya bahari, ni ngumu na ina gharama. Ilipotakiwa njia ya reli mpya kufika Miritini, iliyofunguliwa mwaka 2017, ramani zilichorwa, mipaka ikapimwa, wenye ardhi wakatafutwa na fedha za fidia zikatengwa, kwa muda wa miaka michache tu. Wapimaji wale wako hai, na vyombo vyao havijavunjika. Na wavuke daraja la Nyali waje waanze.